Jack alipoingia New York: kisa cha redio WCBS-FM na wasikilizaji wake, 2005 hadi 2007

Ijumaa, tarehe 3 Juni 2005, wakazi wa New York waliokuwa njiani kurudi makwao walisikia WCBS-FM, redio ya masafa ya 101.1, ikimaliza wimbo wa Frank Sinatra uitwao Summer Wind. Baada yake haukuja mwingine wa aina hiyo. Saa kumi na moja jioni waliingia Beastie Boys, vijana wa mji huohuo, na wimbo wao wa makelele unaodai haki ya watu kufanya sherehe. Kituo kilichopiga zilipendwa tangu tarehe 7 Julai 1972 kikawa kinaitwa Jack FM. Watangazaji hawakupewa kipindi cha kuaga.

Miaka miwili na wiki chache baadaye, tarehe 12 Julai 2007, kampuni ileile iliyokimiliki kituo ilimtoa Jack na kurudisha jina la zamani. Watu wa redio Marekani hupenda kukisimulia kisa hiki kama ushindi wa wasikilizaji: wananchi walikuja juu, kampuni ikanywea. Mimi naona simulizi hiyo inakatwa kabla ya kufika mwisho. Walichorudishiwa wasikilizaji ni jina na sauti za watu waliowazoea. Nyimbo zao ni habari nyingine, na hapo ndipo kisa kinapokuwa na funzo kwa yeyote anayefikiria kubadili sura ya redio.

Ilikuwa redio ya aina gani

Kwetu zilipendwa mara nyingi ni kipindi. Unazisikia Jumapili, saa mbili au tatu hivi, kisha redio inarudi kwenye mambo yake. Marekani kituo kizima kinaweza kuishi kwa zilipendwa usiku na mchana, mwaka mzima, na kikaingiza mamilioni ya dola za matangazo. WCBS-FM ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoonyesha njia hiyo. Kabla ya 1972 ilikuwa imejaribu roki ya vijana wa zama zile na haikufua dafu.

Kilichoipa nguvu baadaye ni ajali ya jirani yake. Katika miaka ya 1960 redio ya vijana wa New York ilikuwa WABC, masafa ya 770 AM. Tarehe 10 Mei 1982 WABC iliacha muziki ikageuka redio ya mazungumzo. Nyota wake, kabla na baada ya siku hiyo, walihamia WCBS-FM mmoja baada ya mwingine: Harry Harrison, Ron Lundy, Dan Ingram na Bruce Morrow, ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Cousin Brucie. Fikiria maana yake kwa msikilizaji. Kijana wa miaka 15 aliyemsikia Morrow akiwapiga Beatles mwaka 1964, alipofika miaka 45 alikuwa akimsikia mtu yuleyule akipiga wimbo uleule, kwa ucheshi uleule. Mtu huyo alikuwa amepoteza wazazi, labda amehama mtaa, labda ameachana na mkewe, lakini sauti ya redioni haikuwa imebadilika.

Tena sehemu kubwa ya nyimbo zenyewe zilizaliwa palepale. Doo-wop, uimbaji ule wa vijana wanne watano wanaopanga sauti bila ala, ulipikwa kwenye kona za mitaa ya Harlem, Brooklyn na Bronx. Kundi la Dion and the Belmonts lilichukua jina lake kutoka barabara ya Belmont, Bronx. Usiku wa Jumapili WCBS-FM ilikuwa na kipindi kizima cha doo-wop kilichoendeshwa na Don K. Reed tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo msikilizaji wa 101.1 hakuwa anasikiliza muziki wa zamani tu. Alikuwa anasikiliza mtaa wake.

Hesabu iliyomtoa Sinatra

Sasa tuwatendee haki wenye kampuni, kwa sababu hesabu yao haikuwa ya kijinga. Redio ya biashara Marekani haiuzi muziki. Inauza masikio kwa wenye bidhaa. Na wenye bidhaa, kwa desturi iliyojengeka kwa miongo, hulipia zaidi masikio ya watu wa kati ya miaka 25 na 54. Aliyezidi hapo anahesabiwa kuwa ameshachagua sabuni yake na benki yake, hashawishiki. Unaweza kuubishia mtazamo huo, na wengi wanaubishia, maana wazee wa Marekani ndio wenye akiba. Lakini bei za matangazo zilipangwa hivyo.

Weka miaka mezani. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1960, wakati doo-wop imepamba moto, alifikisha 60 mwaka 2005. Aliyekuwa na 15 mwaka 1966 alikuwa na 54, ukingoni kabisa. Kila mwaka uliopita kundi zima la wasikilizaji lilivuka mstari na kuwa halina thamani kwa mnunuzi wa matangazo, hata kama lilikuwa bado linasikiliza kutwa.

WCBS-FM ilikuwa imeshaanza kujihami. Nyimbo za miaka ya 1950 zilipunguzwa, za miaka ya 1970 na 1980 zikaongezwa. Kipindi cha Don K. Reed kiliondolewa mwaka 2002. Harry Harrison, sauti ya asubuhi, aliondoka 2003. Januari 2005 asubuhi ilikabidhiwa Micky Dolenz, yule mwimbaji wa kundi la The Monkees la miaka ya 1960. Wasikilizaji walinung'unika kwa kila hatua, na wapenzi wa doo-wop waliumia kweli. Lakini walibaki. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo wakubwa wa kampuni hawakulisoma vizuri.

Mmiliki wakati huo alikuwa Infinity Broadcasting, tawi la redio la Viacom. Na Jack alikuwa ndiye habari ya mjini. Mtindo huo ulitoka Kanada, ambako Vancouver ilikuwa na Jack FM tangu mwisho wa 2002. Mwaka 2004 ukaingia Denver na Dallas, Machi 2005 ukafika Los Angeles. Kanuni yake ilikuwa kuvunja kanuni. Redio za muziki za Marekani zilizoea kuzungusha nyimbo mia tatu nne zilizopimwa kwa utafiti. Jack alipiga zaidi ya elfu moja, roki ikifuatwa na disko, disko ikifuatwa na rap ya zamani. Hakuna watangazaji. Palikuwa na sauti moja ya kiume iliyorekodiwa, yenye kejeli, ikitamba kwamba hapa tunapiga tunachotaka sisi. Ilikuwa miaka ya iPod, na Apple ilikuwa ndiyo kwanza imetoa kifaa kidogo kilichouzwa kwa sifa ya kuchanganya nyimbo ovyo. Redio iliyochanganya ovyo ilionekana ya kisasa, na zaidi ya hapo haikuwa na mishahara ya nyota.

Usipuuze hilo la mishahara. Katika mjadala wote wa ladha na rika, ni rahisi kusahau kwamba Jack alikuwa rahisi kumlisha.

Siku walizokuja juu

Simu na barua pepe zilimiminika, magazeti ya mji yakadaka, na meya Michael Bloomberg aliripotiwa kusema, tena kwa tusi, kwamba hataisikiliza tena redio hiyo. Ni nadra meya wa mji mkubwa kutukana kwa ajili ya orodha ya nyimbo. Bloomberg alizaliwa 1942. Alikuwa na miaka 63, msikilizaji halisi wa 101.1, na bilionea. Mtu ambaye soko la matangazo lilimhesabu kuwa hana faida alikuwa mmoja wa watu matajiri kuliko wote Marekani.

Kampuni ilijibu kwamba zilipendwa hazijafa: zinapatikana kwenye tovuti ya kituo na kwenye mkondo wa kidijitali wa masafa yaleyale. Kwa karatasi jibu hilo lilikuwa kweli. Kwa maisha ya mwaka 2005 lilikuwa dharau. Redio za kudaka mkondo wa kidijitali zilikuwa chache na ghali, karibu hakuna gari lililokuwa nazo, na intaneti ilikuwa imekaa mezani, siyo mfukoni. Ukimwambia dereva wa teksi wa miaka 60 kwamba muziki wake umehamia mtandaoni, unamwambia aende nyumbani akausikilize.

Wengine waliuliza kama sheria haiwezi kuwasaidia. Hapa New York ina historia yake. Mwaka 1974 kituo cha WNCN cha mji huo, kilichopiga muziki wa Beethoven na wenzake, kiligeuzwa kuwa cha roki, na wimbo wake wa kwanza ulikuwa ule unaomwambia Beethoven apishe njia. Wasikilizaji waliunda chama, wakapigana, na mwaka uliofuata kituo kikarudi kwenye muziki wake. Chama hicho hakikuishia hapo. Kilitaka Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilazimishwe kuangalia maslahi ya wasikilizaji kila redio inapobadili aina ya muziki. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1981 mahakama iliamua kwamba FCC haitendi kosa ikiliachia soko jambo hilo. Tangu hapo mlango ulifungwa. Mwenye leseni anaweza kulala na Sinatra akaamka na rap, na msikilizaji hana pa kushtaki.

Ila sheria ileile ilimfanyia Jack mzaha mdogo. FCC inataka kila kituo kijitaje kwa herufi zake rasmi na mji wake kila saa. Kampuni haikubadili herufi hizo. Kwa hiyo kila saa, usiku na mchana, Jack alilazimika kulitamka jina la WCBS-FM.

Bruce Morrow hakukaa bila kazi. Mwaka huohuo alichukuliwa na Sirius, redio ya setilaiti inayolipiwa kwa mwezi. Sirius ilikuwa inatafuta watu wenye pesa na magari, ambao wangekuwa tayari kulipia kitu walichozoea kupata bure. Infinity iliiletea Sirius bidhaa na wateja wake kwa siku moja.

Kwa nini Jack hakushika New York

Idadi ya wasikilizaji ilianguka vibaya na haikupanda kama ilivyotarajiwa. Maelezo ya haraka ni kwamba watu walikasirika. Nadhani hasira ilichangia kidogo kuliko tunavyopenda kuamini. Mwenye hasira huondoka tu, na kampuni ilishakubali kuwapoteza wazee. Swali ni kwa nini vijana wa miaka 35 hawakuja kujaza nafasi.

Sababu moja imo katika jinsi wasikilizaji walivyohesabiwa. Wakati ule kampuni ya Arbitron iliwapa watu waliochaguliwa vitabu vidogo vya karatasi, nao waliandika kwa mkono redio waliyosikiliza. Waliandika wanachokumbuka. Katika mfumo huo jina linalokaa kichwani ni mali kuliko wimbo unaopigwa, na watu walikuwa wameliandika jina la CBS-FM kwa miaka karibu 33. Redio isiyo na mtangazaji, isiyo na kipindi, isiyo na saa inayotofautiana na nyingine, humwachia mtu kitu kidogo sana cha kukumbuka jioni anapofungua kitabu chake.

Sababu ya pili inaonekana ukitazama Los Angeles. Kule kampuni hiyohiyo iliweka Jack kwenye 93.1, kituo kilichokuwa kikipiga roki, na Jack akastawi akawa wa kudumu. Lakini Los Angeles ilikuwa na K-Earth 101, redio ya zilipendwa ya kampuni hiyohiyo, na hakuna aliyeigusa. Jack wa Los Angeles aliingia kama mpangaji mpya kwenye nyumba yenye vyumba. Jack wa New York aliingia juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka, na kila alipofanya kejeli wasikilizaji walisikia anamkejeli marehemu. Ucheshi uleule, hati ileile ya maneno, miji miwili, matokeo mawili.

Chicago inatoa kipimo cha tatu. Siku ileile ya 3 Juni 2005 WJMK, redio ya zilipendwa ya kule, iligeuzwa Jack pia. Huko Jack alidumu hadi Machi 2011. Chicago walipenda zilipendwa kama New York, lakini baada ya miezi michache kituo cha mshindani, 94.7, kilizichukua zilipendwa kikawapa waliofukuzwa mahali pa kwenda. Kilio kikapoa. New York hakuna redio kubwa ya FM mjini iliyoziokota, kwa hiyo pengo lilibaki wazi mbele ya macho ya wote, pamoja na wenye kampuni waliokuwa wakisoma takwimu kila robo mwaka.

Kurudi, lakini kurudi wapi

Mwaka 2007 uongozi ulibadilika. Joel Hollander, mkuu wa kampuni, aliondoka, Dan Mason akarudi kuiongoza, ambayo sasa ilikuwa inaitwa tena CBS Radio. Mason alikuwa mtu wa vituo vyenye majina. Mwezi Mei alirudisha K-Rock, jina jingine lililokuwa limezikwa kwenye mji huo. Julai ikawa zamu ya 101.1.

Safari hii walijua kufanya tamthilia. Saa saba na dakika moja mchana, ambayo kwa saa za Wamarekani huandikwa 1:01, kama 101 ya masafa yake, Jack alikatwa katikati ya wimbo wa kundi la Journey, wimbo uleule uliokatwa ghafla mwezi mmoja kabla katika mwisho wa tamthilia ya The Sopranos. New York nzima ilikuwa bado inabishana kuhusu mwisho ule, kwa hiyo utani ulieleweka papo hapo. Kisha vikaja vibwagizo vya zamani vya kituo, na Beach Boys wakafungua. Watangazaji walirudi, miongoni mwao Bob Shannon na Dan Taylor, na Broadway Bill Lee akawa na kipindi chake.

Angalia lakini nini hakikurudi. Orodha mpya ilitangazwa kuwa ya kuanzia 1964 hadi 1989 hivi. Doo-wop ilibaki nje. Elvis wa mwanzo alibaki nje. Redio haikujiita tena ya zilipendwa. Ilijiita ya vibao vya daraja la juu. Kampuni ilikuwa imehifadhi ile hesabu ya 2005 karibu yote: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1980 alikuwa na 42 mwaka 2007, katikati kabisa ya kundi linalolipiwa. Tofauti ni kwamba safari hii hesabu ilivaa jina lililopendwa na ikasemwa kwa sauti zinazojulikana.

Ikapita. Hakukuwa na ghasia. Wengi wa waliopiga kelele 2005 walishangilia, na wapenzi wa doo-wop, ambao ndio waliokuwa wamepoteza kuliko wote, walipoteza mara ya pili katikati ya shangwe za wenzao. Oktoba 2008 New York ilihamia kwenye upimaji wa kifaa kinachovaliwa mwilini na kunasa chenyewe redio inayosikika karibu, na WCBS-FM ikapanda hadi vituo vya juu kabisa vya mji. Kifaa hakihitaji mtu akumbuke jina. Kinahesabu duka, saluni na ofisi ambako redio imewashwa kwa sababu hakuna wimbo wa kumkera yeyote.

Hapo ndipo naporudi kwenye manung'uniko ya 2002. Wasikilizaji walionyesha mapema kwamba wanaweza kuvumilia nyimbo zikibadilishwa taratibu, hata kama hawapendi, mradi mlango uwe uleule na anayefungua awe mtu wanayemjua. Walichokataa ni kuamka wakakuta mgeni anayewacheka. Infinity ilitaka kwa siku moja kitu ambacho ingeweza kukipata kwa miaka mitano, na ililipa miaka miwili kujua hivyo.

Yaliyofuata yalifanyika kwa utulivu huo. Nyimbo za miaka ya 1960 zilipungua mwaka hadi mwaka mpaka zikakaribia kwisha, za miaka ya 1980 zikatawala, na za 1990 zikaingia. CBS Radio iliungana na Entercom mwaka 2017, na Entercom ikajiita Audacy mwaka 2021. Ukiifungulia WCBS-FM ya miaka hii utasikia nyimbo nyingi ambazo Jack angepiga bila kusita. Jina liko palepale, na hakuna meya aliyetukana. Cousin Brucie aliacha redio ya setilaiti mwaka 2020, na Septemba mwaka huo alirudi WABC, 770 AM, iliyomlea, akaanza kupiga nyimbo za zamani usiku wa Jumamosi.